Deni la chuo huanzia kwenye cheti cha kuzaliwa

Mhadhara kwa wazazi na wahitimu wa kidato cha sita, Ngamiani, Tanga

Asalaam aleikum, na Bwana asifiwe. Wazazi wangu, na ninyi vijana mnaosubiri matokeo, asanteni kwa kuziacha shughuli zenu mchana huu.

Tuanzie soko la samaki la Deep Sea. Chukulieni mama muuza samaki ambaye siku njema anabaki na faida ya sh 15,000. Mtoto kapata chuo, tarehe ya kuripoti imefika, mkononi hana kitu. Anakwenda kwa wakopeshaji wa mtaani, anapewa 500,000, marejesho 20,000 kila siku kwa siku 30. Ataambiwa riba ni asilimia 20 tu. Sasa tupige hesabu yake, siyo ya mkopeshaji. Faida 15,000, rejesho 20,000. Kila siku 5,000 inang'olewa kwenye mtaji, na hapo hajanunua hata kilo ya unga. Siku 30 zikiisha mtaji umepungua 150,000, ukiacha waliyokula nyumbani. Atakopa kwingine alipe hapa. Ndiyo kausha damu hiyo, na kwangu mimi ndilo deni zito la chuo. Mkopo wa Bodi ya Mikopo nao ni deni, lakini hakuna atakayekuja kubeba friji yako.

Mara nyingi familia inafika huko wakati mtoto alistahili mkopo wa Bodi kabisa. Kilichokwama ni karatasi. Kwa hiyo nitakaa kwenye karatasi muda mrefu, mnivumilie.

Cheti cha kuzaliwa kuwa nacho kabatini hakutoshi. Bodi inataka kiwe kimehakikiwa na RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, na uhakiki unaombwa mtandaoni. Wahitimu wa nchi nzima wanauomba kwa pamoja dirisha la mikopo likishafunguliwa, ndiyo maana anayeomba Februari anajibiwa kwa utulivu na anayeomba Agosti anahesabu siku. Kisha majina. Cheti cha kuzaliwa kinasema Mwanahamisi Juma Ally, cheti cha kidato cha nne kinasema Mwanahamis Juma Ali. Kwetu ni mtoto yuleyule. Kwenye mfumo ni watu wawili. Kurekebisha kunahitaji wakili, kiapo na usajili wa hati, na kila hatua ina siku zake na pesa zake. Wenye watoto kidato cha pili na cha tatu, nendeni shuleni mkaangalie jina lililoandikwa kabla halijapelekwa Baraza la Mitihani. Hapo marekebisho ni mepesi kuliko popote pale mbele.

Yatima ndio wanaoniumiza zaidi. Baba kafariki Pongwe au Muheza, kazikwa, familia imebaki na kibali cha mazishi. Kibali cha mazishi si cheti cha kifo. Bila cheti cha kifo kilichohakikiwa, mtoto huyu mbele ya Bodi ana wazazi wawili wazima, na uhitaji wake unapimwa hivyo. Kifo kinasajiliwa wilayani, kwa msajili aliye ofisi ya Mkuu wa Wilaya. Kama hamjasajili, anzeni wiki hii. Kaya zilizo kwenye mpango wa TASAF wa kusaidia kaya maskini, shikeni namba ya kaya yenu. Ni ushahidi wa hali ya kipato, nao hujazwa kwenye maombi. Mwenye ulemavu, au mwenye mzazi mwenye ulemavu, ana fomu yake ya kuthibitishwa na Mganga Mkuu wa wilaya au mkoa.

Maombi yenyewe yanafanyika kwenye OLAMS, mfumo wa mtandaoni wa Bodi, ada ni 30,000, inalipwa kwa namba ya malipo. Kwa miaka ya karibuni dirisha limekuwa likifunguliwa Juni na kufungwa mwisho wa Agosti, mara nyingine likasogezwa hadi Septemba. Msitegemee kusogezwa huko. Namba ya mtihani wa kidato cha nne unayojaza Bodi iwe ileile uliyoombea chuo. Aliyerudia mtihani ana namba mbili. Akitumia moja huku na nyingine kule, taarifa zake za chuo hazitaoana na za Bodi. Fomu ikishachapwa inahitaji sahihi ya muombaji, ya mdhamini, sahihi na mhuri wa serikali ya mtaa, na ya wakili au kamishna wa viapo. Ndipo kurasa za sahihi zinaskaniwa na kupandishwa tena. Muhuri uliofifia, picha ya simu yenye kivuli cha mkono, ukurasa mmoja kusahaulika: fomu inarudishwa, na siku za kusahihisha ni chache.

Tuje kwenye deni lenyewe. Mwajiriwa anakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Mshahara ukiwa 800,000, makato ni 120,000. Deni likiwa milioni 12, ni miezi 100, yaani miaka minane na miezi minne. Tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya fedha, iliyokuwa ikilivimbisha deni mwaka hadi mwaka, ilifutwa 2021, na adhabu ya asilimia 10 kwa wachelewaji nayo ikafutwa. Ni makato ya kuuma, lakini yanafuata kipato.

Masomo ya bure yapo kwa wachache. Ufadhili wa Samia, ulioanza 2022/23, unawachukua waliofanya vizuri sana masomo ya sayansi kidato cha sita wanaokwenda kusoma sayansi, uhandisi, teknolojia na tiba. Haurejeshwi. Mwenye sifa asiupuuze kwa kudhani ni wa watoto wa wakubwa.

Na siyo lazima kuanza na digrii Dar es Salaam. Pale Buhuri kuna chuo cha mifugo cha LITA, mlangoni petu. Anayependa bahari kuna chuo cha uvuvi cha FETA Mbegani, Bagamoyo. Tangu 2023/24 Bodi inakopesha pia stashahada kwenye fani za kipaumbele, zikiwemo afya, ualimu, kilimo na mifugo. Stashahada yenye GPA, yaani wastani wa alama, ya 3.0 inafungua mlango wa digrii. Chuo Kikuu Huria nacho kina kituo hapa Tanga: unalipia masomo unayoyasajili, unalala kwenu, unakula kwenu.

Hata aliyepata mkopo anahitaji pesa ya kuanzia. Bumu, yaani pesa ya chakula na malazi kutoka Bodi, ni 10,000 kwa siku, lakini linaweza kuingia wiki kadhaa baada ya kuripoti. Na Bodi inaweza kumpa mtoto chakula chote na sehemu tu ya ada. Hapo upatu unasaidia kuliko mkopo wowote. Kina mama 12, kila mmoja 50,000 kwa mwezi, mkianza Novemba: omba zamu ya Oktoba, upokee 600,000 bila riba. Hatari ya zamu ya mwisho ni mtu kupokea akahama, kwa hiyo cheza na watu ambao nyumba zao unazijua, au tumieni VICOBA, kikundi cha kuweka na kukopa, chenye sanduku la kufuli tatu. Mkopo wa halmashauri, ule unaotokana na asilimia 10 ya mapato yake, hauna riba, ila ni wa mradi wa kikundi. Ukiutumia kulipia ada, kikundi kizima kinakwama.

Chuoni, ombeni kulipa ada kwa awamu, na ombeni kwa maandishi kabla ya usajili. Mtoto aliye tayari kwenye bima ya afya ya mzazi apeleke kadi yake, asitozwe bima nyingine.

Orodha ya Bodi hutoka kwa awamu, na baadaye kuna rufaa. Aliyekosa awamu ya kwanza asikimbilie kausha damu wiki ileile. Aingie kwenye akaunti yake, asome kilichoandikwa, aambatishe kilichokosekana.

Waliokuja na vyeti, sogeeni meza ya mbele. Tutavilaza viwili viwili, cha kuzaliwa na cha shule, tuyasome majina herufi kwa herufi.