Jahazi la Mwezi wa Julai: Kufuata Kisa cha Kundi

SOMOE: Hamjambo wasikilizaji wetu, karibuni tena katika kipindi tunachokirekodi hapa Mtwara. Leo kaka Issa nami tunazungumzia michezo ya kuigiza kwa maandishi katika makundi ya mtandaoni, ambamo kila mchezaji huwa na mhusika wake na kisa huendelezwa na wote. Hasa tunataka kuzungumzia masimulizi ya msingi, yaani yale ambayo kundi limekwisha kukubaliana kuwa ni kweli katika ulimwengu wa mchezo.

ISSA: Ahsante, dada Somoe. Kukutana na wenzako katika ulimwengu wa maandishi si jambo la jana, kwani mwaka 1978, katika Chuo Kikuu cha Essex nchini Uingereza, Roy Trubshaw alianza kuunda MUD, mchezo wa kompyuta unaochezwa na watu wengi kwa maandishi, nao ukaendelezwa na Richard Bartle. Sisi wa leo tunatumia simu tu, lakini shida ni ileile ya watu wengi kushika kalamu moja.

SOMOE: Mchezo wetu tumeuweka Kilwa Kisiwani mwaka 1331, mwaka ambao Ibn Battuta, msafiri wa Moroko, alifika akamkuta Sultani al-Hasan ibn Sulaiman, aliyepewa lakabu ya Abu al-Mawahib kwa ukarimu wake. Ibn Battuta anasimulia kwamba fakiri mmoja kutoka Yemeni alimwomba sultani nguo alizozivaa, naye akampa. Kwa hiyo mchezaji anayetaka kuandika kwamba sultani huyo amemfukuza maskini mlangoni atupe kwanza sababu nzito, maana wenzake wamekwisha kujenga wahusika wao juu ya ukarimu huo.

ISSA: Wasimulie wasikilizaji habari ya jahazi, dada.

SOMOE: Mwezi uliopita mchezaji mgeni, mwenye kalamu nzuri kwelikweli, aliingiza bandarini jahazi kutoka Hormuz, bandari ya Ghuba ya Uajemi, lenye shehena ya vyombo vya kauri, na ndani ya mchezo tulikuwa mwezi wa Julai. Sasa, mtu yeyote aliyekulia pwani hii anajua kwamba majahazi ya Uarabuni na Uajemi yalikuwa yakija na kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, kati ya Desemba na Machi, kisha yakirudi na kusi, upepo wa kutoka kusini. Julai kusi imepamba moto, na jahazi hilo lingekuwa limekuja likipigwa na upepo usoni safari nzima. Isitoshe, mwenzetu mwingine alikuwa na mhusika mfanyabiashara aliyekopa fedha kwa ahadi ya kulipa kaskazi itakapoleta wageni, na miezi miwili ya maandishi yake yote ilisimama juu ya kungoja huko. Jahazi moja lililokuja nje ya majira lilikuwa linamfutia kisa chake bila hata kumtaja.

ISSA: Wapo waliotaka ujumbe ule ufutwe mara moja. Mimi nilipinga, na bado naamini nilikuwa sahihi, kwa sababu mgeni anayefutiwa andiko lake la kwanza mbele ya watu hawezi kurudi na moyo uleule.

SOMOE: Ndipo tukamfuata faraghani, tukamweleza habari ya pepo, tukamwomba abadilishe bandari tu. Jahazi likatoka Sofala, katika pwani ya Msumbiji ya leo, badala ya Hormuz, kwa kuwa kusi ndiyo inayolileta jahazi la kusini hadi Kilwa, na kauri ikageuka kuwa dhahabu na pembe za ndovu.

ISSA: Tena shehena hiyo ya dhahabu ilizaa kisa kikubwa kuliko kile alichokikusudia, maana mara moja watu wakaanza kuulizana ni nani aliyeipima.

SOMOE: Na wewe, kaka, ulikuwa na mkorosho wako.

ISSA: Ndiyo, na uliniuma. Niliandika kikao cha wazee chini ya mkorosho, kwa sababu kwetu kusini kivuli cha kwanza kinachomjia mtu akilini ni hicho. Lakini mkorosho ni mti wa Brazili ulioletwa na Wareno, na mwaka 1331 Wareno walikuwa hawajafika. Kufikia hapo wenzangu wanne walikwisha kuutumia mti ule, na mmoja alikuwa ameficha barua kwenye mizizi yake. Nikaona si haki nibadilishe peke yangu kimyakimya. Nikatangaza kundini, tukakubaliana uwe mbuyu, kila mmoja akarekebisha andiko lake, na barua ikahamishiwa kwenye uwazi wa shina.

SOMOE: Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaosema masimulizi ya msingi hayaguswi kamwe. Yanaguswa, ila kwa hodi. Kabla ya kuandika, soma daftari la kundi, angalau kurasa zinazohusu mahali mhusika wako anapotaka kuingia, na ukitaka kumuua au kumfilisi mhusika wa mwenzako, muulize mwenyewe kwanza.

ISSA: Na jahazi limefika wapi?

SOMOE: Limetia nanga nje ya mwamba, nahodha anangoja maji yajae, na yule mfanyabiashara mwenye deni amekwisha kushuka pwani na mizani yake.