Maruhubi: Tuanzie Kwenye Maji

Assalaam aleikum, ndugu zangu watembeza watalii, na nyote mliohudhuria.

Jambo hili, kwamba Maruhubi ielezwe kwa kuanzia kwenye maji, nimelisema mara nyingi, na leo nalirudia kwa sababu juma lililopita nilisimama tena chini ya miembe ya Maruhubi, kwenye magofu ya kasri la sultani karibu na mji wa Unguja, nikamsikia kijana mmoja akilimaliza kasri zima kwa dakika 10: Sultani Seyyid Barghash aliyelijenga, masuria 99, moto wa mwaka 1899, haya twendeni ufukweni tukapige picha. Wageni wake walipita kando ya birika lenye mayungiyungi, na hakuna aliyewaambia birika lile lilichimbwa kwa kazi gani.

Pale Maruhubi mna nguzo nene zilizosimama kwa safu, ambazo zilibeba roshani ya ghorofa, na hizo kila mtu anazipiga picha. Ziko nyingine zilizobeba mfereji wa juu uliopitisha maji, na mgeni asiyeonyeshwa tofauti huondoka akidhani zote ni mabaki ya nyumba moja iliyoungua. Basi mfuatisheni mfereji huo kwa miguu, polepole, mpaka kwenye mabirika, kisha mwingizeni hamamuni, kwenye bafu zilizojengwa kwa mtindo wa Kiajemi. Marumaru yake yaliibwa zamani. Ukuta umebaki, na ukuta unatosha: mwambieni aweke kiganja pale chokaa ilipobanduka, alipapase jiwe la matumbawe na vitundu vyake, naye atafahamu kwamba nyumba hii ya anasa ilitolewa baharini, kipande kwa kipande.

Najua mtaniambia kuwa mgeni amekuja kusikia habari za sultani, hakuja kusikia habari za mifereji. Lakini Barghash ni nani bila ya maji? Huyu ndiye aliyepelekwa uhamishoni Bombay baada ya kushindwa kumpindua kaka yake Majid mwaka 1859. Ndiye aliyezuru Uingereza mwaka 1875, na inasimuliwa kwamba kuta za bustani kubwa alizoziona huko ndizo zilizomtia hamu ya kuizungushia Maruhubi ukuta wake. Na ndiye aliyewavutia watu wa mjini maji safi kutoka chemchemi za upande wa Bububu, wakaacha kutegemea visima vyenye maji mabaya. Mkiieleza kazi ya maji vizuri, mmekwisha kumweleza sultani, tena kwa jambo ambalo mgeni analishika kwa mkono wake.

Na hao masuria 99 wanaotajwa kwa kicheko, ninawaomba mwache kuwataja hivyo. Kasri lilikamilika mwaka 1882. Soko la watumwa lilikuwa limefungwa tangu mwaka 1873, lakini utumwa wenyewe ulikuwa bado halali. Amri ya mwaka 1897 ilipoufuta Unguja na Pemba, iliwaacha masuria nje, nao walingoja mpaka mwaka 1909. Hamamu ile ilikuwa yao. Mwanamke aliyeoga chini ya makuba yale hakuwa na ruhusa ya kutoka kwenye ukuta tunaousifia, na mgeni mwenye akili akielezwa hilo kwa heshima hunyamaza, akatazama upya. Nimeliona hilo kwa macho yangu zaidi ya mara moja.

Nilitaka pia kusema juu ya kasri la Mtoni, alikozaliwa Bibi Salme, dada yake Barghash, mwaka 1844, na jinsi alivyoieleza katika kumbukumbu zake ile behewa yenye tausi, paa na mbuni, lakini muda umekwisha. Juu ya miembe nasema moja tu: msiwaruhusu wageni kuchonga majina kwenye magome yake.

Jumamosi, wale watakaopenda, tukutane Maruhubi saa moja asubuhi, kabla jua halijawa kali. Tutaanzia kwenye mfereji, na hakuna atakayeniuliza habari za moto mpaka tumefika hamamuni.