Hema la Tabata: kipindi kabla hatujaenda Natron

GODI: Tunarekodi? Haya, karibuni. Wiki iliyopita tuliahidi safari ya Ziwa Natron, mambo sita ya kupanga kabla hujafunga begi. Nimeyaandika, karatasi hii hapa. Ila Hawa amekuja na uso wa mtu mwenye habari.

HAWA: Godi, Jumamosi nimeua mtu.

GODI: Tumeanza.

HAWA: Si unalijua lile hema langu la mtumba la Karume?

GODI: La bluu. La watu wanne.

HAWA: Wanne wa muuzaji. Sasa nikasema, kabla hatujaenda kuumbuka huko, ngoja nilisimamishe nyumbani nilione. Uani kwetu kamba za nguo tupu, unamjua mama Nasra na kufua kwake. Nikaenda mbele, pale kibarazani kwa Bibi.

GODI: Bibi mama mwenye nyumba? Aliyekuwa amelazwa?

HAWA: Huyohuyo, katoka hospitali Jumanne. Basi nikasimamisha hema. Nikatandika mikeka miwili nje. Nikaazima na lile sufuria kubwa la mama Nasra, maana wewe ndiye uliyesema tutapika wenyewe.

GODI: Ngoja. Hema mlangoni kwa mgonjwa. Mikeka. Sufuria la shughuli. Tabata.

HAWA: Naingia ndani kutafuta nyundo, dakika kumi tu. Natoka, wamama watano wamekaa mkekani, khanga kichwani, hakuna anayeongea. Mmoja kanishika mkono: "Pole mwanangu. Imekuwa saa ngapi?" Nikamwambia, "Saa kumi na moja na robo."

GODI: [anacheka] Hawa!

HAWA: Nilidhani anauliza saa! Basi kilio kikapokelewa. Wanaume wakaanza kushusha viti vya plastiki. Baba wa duka la kona kachukua daftari, kapiga mstari katikati: jina huku, kiasi huku.

GODI: Na Bibi?

HAWA: Kaamshwa na kilio. Katoka na mkongojo wake, kashika fremu ya mlango, kauliza, "Ni nani?" Maana na yeye anajua, kilio cha mlangoni ni cha mtu wa ndani. Kimya, Godi. Mpaka kuku wamenyamaza. Ndipo mama Nasra akasema, "Bibi, tumekuja kukujulia hali."

GODI: Wote na viti.

HAWA: Na daftari. Shilingi 63,500.

GODI: Jamani, tuwape watu walichofuata. Jambo la kwanza, upepo. Natron mchana joto linapita nyuzi 40, ikifika jioni upepo unashuka kutoka ule ukuta wa Bonde la Ufa kama umetumwa. Nilipokwenda, jirani yetu alikwenda kuoga mtoni, akarudi akakuta alama nne chini. Hema liko vichakani huko na begi lake ndani. Lako lina vigingi?

HAWA: Vinne.

GODI: Kati ya?

HAWA: Kumi na viwili. Kingine kimoja alikaa nacho yule babu wa viti, alidhani ni cha turubai lake.

GODI: Basi tafuta nondo fupi, fundi yeyote atakukatia. Na kamba ya ziada, unafunga kwenye jiwe, maana ardhi kule ngumu. La pili, maji. Ziwa lile si la kunywa wala kuogea, lina magadi, kwenye kidonda utajuta. Hata jina lenyewe, natron ni magadi. Ndiyo waliyotumia Wamisri wa kale kukaushia maiti.

HAWA: Kukaushia nini?

GODI: Nimekosea kusema.

HAWA: Yaani mimi nachukua hema la msiba naenda nalo kwenye ziwa la dawa ya maiti. Na Bibi alivyosikia Natron, unajua kaagiza nini? Magadi! "Ya ziwani yenyewe, si haya ya sokoni yenye mchanga." Anataka ya makande na ya ugoro.

GODI: Kwa hiyo mlikaa mkaongea.

HAWA: Mpaka saa tatu! Uji tayari, watu tayari, wangeondokaje? Bibi kakaa katikati ya msiba wake anauliza tunakwenda na nini. Nikamweleza: basi la alfajiri kutoka Mbezi, kilomita kama 640, jioni tuko Arusha. Kesho yake gari la kukodi, Makuyuni, Mto wa Mbu, halafu kaskazini kupitia Engaruka hadi Ngare Sero, kijiji cha karibu na ziwa. Kauliza, "Huko kuna nini?" Nikamwambia ndege.

GODI: Hukumwambia vizuri. Heroe wadogo, hawa tunaowaita flamingo, kama robo tatu ya wote duniani wanazaliwa ziwa hilo moja. Wanajenga viota vya matope katikati ya magadi, fisi akitaka kuwafuata miguu inaungua.

HAWA: Nilimwambia. Kasema, "Ndege wana akili, wamejenga pasipofikiwa na wageni," huku anawaangalia wale wa kwenye viti. Halafu kauliza daftari lina shilingi ngapi. Kasomewa. Kasema, "Basi si zangu hizo? Hao watoto wapeni nauli."

GODI: Hawa, hizo hela huzigusi.

HAWA: Mwenyewe kasema.

GODI: Mwenyewe nani? Rambirambi si ya marehemu, ni ya wafiwa.

HAWA: Marehemu gani? Anakunywa uji!

GODI: Ndiyo nasema! Hakuna marehemu, hakuna wafiwa, kwa hiyo zirudi kwa waliotoa. Jina kwa jina, daftari unalo.

HAWA: Nimejaribu. Jumapili nimekwenda kwa kaka wa chipsi na elfu mbili yake mkononi. Kaiangalia ile noti kama nimemletea nyoka. "Dada, hela ya msiba hairudi mfukoni. Unataka nimzike nani?"

GODI: Basi zinunue dawa za Bibi.

HAWA: Bibi hataki dawa, anataka magadi.

GODI: Unafanya utani. Ulikuwepo msiba wa mzee wangu. Daftari halikuonekana siku ya tatu. Laki nne na kitu. Sidhani kama kuna aliyeiba, labda ilikwenda kwenye mchele, sijui. Lakini mama na baba mdogo mpaka leo wanasalimiana kwa simu za watoto. Hela ya daftari ina watu nyuma yake.

HAWA: Nilikuwepo, na nilikuwa jikoni. Pole, kaka. Lakini hii imesomwa hadharani, kwa sauti, Bibi kaipokea, kaitoa. Nikimkatalia nitakuwa namwambia nini? Kwamba tunaitunza? Tunasubiri?

GODI: Sijasema hivyo.

HAWA: Ndivyo atakavyosikia yeye.

GODI: Na mimi gari lililotiwa mafuta ya rambirambi sipandi.

HAWA: Utafika Mto wa Mbu kwa daladala.

GODI: Nitafika.

HAWA: Halafu?

GODI: Kuna pikipiki.

HAWA: Kwenye yale mawe, na sufuria?

[kimya]

GODI: Wenye chumba wanagonga kioo. Tuna dakika ngapi? Tatu. Haya, nimebakiza manne. Ol Doinyo Lengai: mita 2,962, mnaanza kupanda saa sita usiku ili jua liwakute juu, na msipande bila mwenyeji. Volkano hai ile, 2007 ililipuka. Lava yake inatoka nyeusi kama oili chafu, ikipata unyevu inageuka nyeupe, mtu wa mbali anadhani...

HAWA: Mimi sipandi.

GODI: Tulikubaliana!

HAWA: Kabla sijaua mtu. Mimi ziwa, heroe, yale maporomoko ya Ngare Sero, basi. Na kilo ya magadi.

GODI: Mageti ya njiani, mbebe hela ya kulipia, nadhani hilo ni la nne. Au la tano. Karatasi umeikalia.

HAWA: Ngoja, simu. Mama Nasra. Anataka sufuria lake, Jumamosi hii ana shughuli.

GODI: Shughuli ya kweli?

HAWA: Kasema ya kweli. Anauliza na lile hema, kama tunaazimisha.