Maneno Yaliyotangulia Bunduki: Ukosoaji wa Maofisa katika Uasi wa Wiski

Mabibi na mabwana,

Uasi wa Wiski, uliotokea magharibi ya Pennsylvania, husimuliwa zaidi kama kisa cha bunduki, yaani nyumba iliyochomwa moto na jeshi lililovuka milima likakuta waasi wamekwisha kutawanyika. Jioni hii naomba tuyatazame maneno yaliyozitangulia bunduki hizo, kwa sababu wakazi wa kule walikuwa wamekwisha kuandika malalamiko, kupitisha maazimio na kuwasema hadharani maofisa wa ushuru, na baada ya uasi kuzimwa viongozi wa Marekani walibishana vikali kama maneno yale nayo yalistahili kulaumiwa.

Chanzo chake kinajulikana. Mwaka 1791 Bunge, kwa ushauri wa Alexander Hamilton, Waziri wa Fedha, lilitoza ushuru pombe kali iliyokenekwa nchini, ili kulipa madeni ya vita vya uhuru. Kwa mkulima wa ng'ambo ya milima ya Allegheny, ambako fedha taslimu zilikuwa adimu, wiski ilikuwa ndiyo sarafu yake na ndiyo njia pekee ya kuisafirisha nafaka mlimani bila gharama kuila faida yote. Asiyelipa alitakiwa kujibu mashtaka Philadelphia, safari ndefu iliyotosha kumfilisi hata kabla hakimu hajafungua kinywa.

Lawama zilimwangukia zaidi John Neville, mkaguzi wa ushuru wa eneo hilo, tajiri aliyemiliki watumwa na mtambo wake wa kukeneka. Alipokuwa katika baraza la kutunga sheria la Pennsylvania alikuwa ameupinga ushuru wa jimbo wa namna hiyohiyo, kisha akakubali cheo cha kuusimamia ule wa serikali kuu, na majirani zake wakamwona kuwa mtu aliyegeuza kauli alipopewa kiti. Kwa maoni yangu lawama hiyo ilikuwa halali kabisa, kwa kuwa ilihusu mwenendo wake katika utumishi wa umma. Haiwezi kuwekwa kapu moja na yale yaliyomfika mkusanya ushuru Robert Johnson, ambaye Septemba 1791 alivamiwa njiani, akapakwa lami na kubandikwa manyoya.

Jambo gumu zaidi ni mkutano wa Pittsburgh wa Agosti 1792, ambao katibu wake alikuwa Albert Gallatin, mhamiaji kutoka Geneva. Wajumbe hawakuishia kuikosoa sheria. Waliazimia kwamba atakayeshika kazi ya kukusanya ushuru huo hafai kuwa rafiki, asishirikiane naye mtu, asisaidiwe kwa lolote, na adharauliwe na wote. Hamilton alitaka wajumbe washtakiwe, lakini Mwanasheria Mkuu, Edmund Randolph, alishauri kwamba maazimio hayo hayakufikia kuwa kosa la jinai. Randolph alikuwa sahihi kisheria, ingawa mtu anayetengwa na kijiji kizima, mahali ambapo mwenzake mmoja amekwisha kupakwa lami, hawezi kulichukulia azimio kama hilo kuwa hoja tupu.

Mwaka 1794 mstari kati ya ukosoaji na vitisho ulifutika. Matangazo yaliyotiwa sahihi ya jina la bandia, Tom the Tinker, yaliwatisha waliokubali kulipa, na Julai nyumba ya Neville iliyoitwa Bower Hill ikashambuliwa na kuteketezwa. Rais George Washington aliita wanamgambo wapatao 13,000, na mapambano yakaisha kabla hayajaanza.

Novemba 19 mwaka huohuo, akilihutubia Bunge, Washington alizilaumu "jumuiya fulani zilizojiunda zenyewe", akimaanisha vyama vya kisiasa vilivyokuwa vikiikosoa serikali yake. Hakukosea kabisa, maana chama cha Mingo Creek, cha eneo lilelile la uasi, kilikuwa karibu mno na walioishambulia Bower Hill. Lakini Chama cha Kidemokrasia cha Philadelphia kiliupinga ushuru na wakati huohuo kikalaani matumizi ya nguvu, na lawama ya rais haikukitenga na wengine. James Madison alisimama katika Baraza la Wawakilishi akasema kwamba, katika serikali ya jamhuri, mamlaka ya kukosoa ni ya wananchi juu ya serikali, wala si ya serikali juu ya wananchi. Seneti ilimuunga mkono rais, ilhali Wawakilishi, baada ya siku kadhaa za mjadala, hawakukubali kuyarudia maneno yake.

Gallatin mwenyewe alikiri baadaye kwamba sahihi yake kwenye maazimio ya Pittsburgh ilikuwa dhambi yake pekee ya kisiasa. Mwaka 1801 aliteuliwa kushika wizara ileile aliyoiongoza Hamilton, na mwaka uliofuata ushuru wa wiski ukafutwa.