Upepo wa Kuloki Difu: Mhadhara kwa Mafundi na Madereva wa Tabora

Habari za asubuhi ndugu zangu. Wazee wangu wa malori, shikamooni.

Nimeombwa nizungumzie ufungaji wa upepo wa kuloki difu kwenye gari ndogo za fowili, zile zinazosukumwa na tairi zote nne. Nashukuru tunalifanya jambo hili kiangazi, maana mvua zikishaanza hakuna mwenye nafasi ya kulala chini ya gari akakagua paipu. Ukiacha lami ya Urambo au ya Sikonge ukaingia njia za kwenye mizinga ya nyuki na mashamba ya tumbaku, ule udongo mweusi wa mbugani haukuulizi umebeba nini.

Difu mnaijua, ule mkusanyiko wa gia katikati ya ekseli. Inaruhusu tairi mbili za ekseli moja zizunguke kwa mwendo tofauti gari inapokata kona. Ubaya wake, tairi moja ikikosa pa kushika, mwenzake naye anakosa nguvu. Ndiyo maana unaona mtu ameweka fowili, injini inalia, na zinazozunguka ni tairi mbili tu, moja mbele na moja nyuma, zote zikichimba tope. Loki inazifunga tairi za ekseli moja zizunguke pamoja. Baadhi ya gari zinatoka nayo kiwandani: zipo Land Cruiser zinazoloki kwa mota ya umeme, na zipo Pajero za miaka ya 1990 zinazoloki difu ya nyuma kwa upepo. Nyingine unafunga mwenyewe, kama Air Locker ya ARB ya Australia, na hiyo ndiyo nitakayoisemea zaidi.

Ndani yake kuna pistoni. Upepo ukiingia, pistoni inasukuma gia inayoishikanisha gia ya upande mmoja na kasha la difu, na hapo imeloki. Ukiutoa upepo, springi zinairudisha. Chuma kile ni kigumu, na kikifungwa vizuri hakiharibiki ovyo. Kinachokimaliza ni upepo hafifu: meno yanashikana nusu, dereva anakanyaga mafuta, meno yanakatika. Kompresa za kazi hii huwa na swichi ya presha inayowasha ikifika karibu psi 85 na kuzima karibu psi 105, yaani kama bar 6 hadi 7. Mteja akikuletea pampu ya tairi ya kuchomeka kwenye kiberiti cha gari, mkatalie. Haina cha kulinda presha, na lawama itakurudia wewe fundi.

Najua wazee wa malori mnawaza, mbona sisi tunaloki kwa upepo siku zote? Kweli, lakini kwenye lori injini ndiyo inayoizungusha kompresa, na mitungi ipo tayari kwa ajili ya breki. Gari ndogo nyingi hazina upepo wowote. Tunaweka kompresa ya umeme ya volti 12, na kwa kuloki tu mtungi hauhitajiki, maana upepo unaoingia kwenye difu ni kidogo sana. Anayetaka na kujaza tairi aweke mtungi, na aumwage maji kama mnavyoimwaga mitungi yenu.

Kompresa ikae juu, pasipofika maji, mbali na ekzosi, na chujio lake lisielekee vumbi linakotoka. Chini ya boneti panafaa kama pana nafasi. Umeme wake utoke betri moja kwa moja, waya nene, fyuzi yake na rilei yake (swichi ya umeme inayobeba mzigo mkubwa). Usiibe waya wa taa. Kama umefunga loki mbele na nyuma, swichi ya loki ya mbele iunganishwe isiweze kuwaka kabla ya ile ya nyuma, kwa sababu mbele ikiloki usukani unakuwa mzito na gari haitaki kukata kona.

Sasa paipu, na hapa naomba mnivumilie, kwa sababu ndipo kazi nyingi zinapoharibikia. Ni paipu ya nailoni nyembamba, milimita 5 au 6. Fundi anaikata kwa plaizi. Ukiisogeza machoni utaona mdomo wake umebonyea, una umbo la yai, na pembeni umebaki unywele wa plastiki. Ukiisukuma kwenye kiungo, ule unywele unaikwaruza oringi, ile pete ya mpira ya kuzuia mvujo, na upepo unavuja taratibu ambavyo hata sikio halisikii. Kata kwa wembe mpya, mkato ulionyooka. Sukuma mpaka igote, kisha ivute kidogo uone kama imeshika. Ipitishe juu ya chesisi, si chini yake, maana visiki vya miombo vitaing'oa. Na kutoka kwenye bodi kwenda kwenye ekseli acha ulegevu wa kutosha, kwani ekseli hupanda na kushuka.

Kupima: washa kompresa, ijaze, izime yenyewe. Loki zote mbili, kaa robo saa. Ikiwaka tena, kuna mvujo. Paka povu la sabuni kila kiungo. Kisha weka vigingi tairi za mbele, inua nyuma juu ya stendi, gia nyutro, breki ya mkono achia. Zungusha tairi moja kwa mkono. Ikiwa imeloki, ya pili inakwenda upande uleule pamoja na propela, ule mhimili unaoipelekea difu nguvu. Dereva naye aambiwe: loki kabla ya kuingia kwenye tope, gari imesimama au inatambaa, kamwe si tairi moja ikiwa inazunguka kwa kasi. Akifika pakavu aiachie.

Kijana pale nyuma anauliza kuhusu oili inayotoka kwenye tundu la solenoidi, ile vali ya umeme inayoruhusu na kutoa upepo wa loki. Tone dogo unapoiachia loki si shida. Ikitoka nyingi, anza na briza ya ekseli, kile kitundu chake cha kupumulia: ikizibwa na tope, oili ya ndani inasukumwa kwenye paipu. Briza ikiwa safi na bado inatoka, au ukiloki unasikia briza inapuliza, basi oringi za ndani zimekwisha, na hapo difu lazima ishuke.

Gari iko uani, imeshainuliwa. Njooni na povu lenu.