Namba 4,294,967,297 na jina ambalo haikustahili

Walimu wenzangu, wanafunzi na wapenzi wa hisabati, namba niliyoiandika ubaoni, 4,294,967,297, hupatikana kwa kuipandisha 2 hadi kipeo cha 32, kisha kujumlisha 1. Ni witiri, haiishii na 5, na jumla ya tarakimu zake ni 59, kwa hiyo haigawanyiki kwa 3. Ukiitazama juu juu utaidhania namba tasa, na aliyeidhania hivyo hakuwa mtu mdogo: Pierre de Fermat, Mfaransa wa karne ya 17, aliamini kwamba ukoo wote wa namba hii, yaani namba zinazopatikana kwa kuipandisha 2 hadi kipeo cha 1, 2, 4, 8, 16, 32 na kuendelea kwa kuzidisha mara mbili, kisha kujumlisha 1, ni tasa, kwa kuwa watano waliotangulia, yaani 3, 5, 17, 257 na 65,537, ni tasa kweli.

Mwaka 1732 mwanahisabati Mswisi Leonhard Euler alionyesha kwamba 641 huigawanya bila baki. Hakikisheni wenyewe: 6,700,417 mara 600 ni 4,020,250,200, na mara 41 ni 274,717,097, jumlisheni, mtaiona namba yetu. Euler pia alithibitisha kwamba kila kigawo tasa cha namba hii, kikigawanywa kwa 64, lazima kibakize 1. Sharti hilo linapunguza kazi ajabu, kwani namba tasa za kujaribiwa ni 193, 257, 449, 577, na ya tano ndiyo 641.

Lakini iko njia isiyohitaji hata kugawanya, nami naipenda kuliko zote. 641 ni 5 × 2⁷ + 1, na papo hapo ni 5⁴ + 2⁴. Tukihesabu kwa mabaki ya 641, yaani tukizichukua kuwa sawa namba zote zenye baki moja zikigawanywa kwa 641, usawa wa kwanza unafanya 5 × 2⁷ iwe −1, na tukiipandisha hadi kipeo cha 4, 5⁴ × 2²⁸ inakuwa 1. Usawa wa pili unafanya 5⁴ iwe −2⁴. Tuiweke hiyo mahali pa 5⁴, nasi tunapata kwamba −2³² ni 1, maana yake 2³² + 1 haibakizi kitu.

Basi tuipange mahali pake. Ni zao la namba tasa mbili, 641 na 6,700,417, wala hakuna namba mraba inayoigawanya isipokuwa 1. Vigawo vyake vilivyo vidogo kuliko yenyewe vinajumlika kuwa 6,701,059 tu, kwa hiyo iko katika kundi la namba pungufu, zile ambazo jumla hiyo haizifikii zenyewe, tena pungufu mno.

Imebaki sifa moja. Namba hii ni jumla ya miraba miwili kwa njia mbili: 65,536² + 1², ambayo kila mtu anaiona, na 62,264² + 20,449², iliyojificha. Namba tasa haiwezi kuwa na njia mbili za namna hiyo. Kwa hiyo hata mtu asiyewahi kuisikia 641, akiipata jozi hiyo ya pili, angejua kwamba Fermat alikosea.