Lumbesa Kwenye Somo la Hisabati
Mazungumzo na walimu wa shule za msingi, kituo cha walimu, Mbeya

Wakubwa zangu shikamooni. Wadogo zangu, habari za asubuhi. Nimeombwa niongelee ari ya kufundisha, na najua wengine mmekuja hapa andalio la somo la kesho halijaandikwa. Naanzia hapo hapo.

Mwalimu wa msingi anaishi na karatasi: muhtasari (mwongozo wa taifa wa somo), azimio la kazi (mpango wa kufundisha wa muhula), andalio la somo. Mthibiti ubora, yaani mkaguzi wa shule, akifika, hizo ndizo anazoomba kwanza. Darasa la pili kuna upimaji wa KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu), la nne upimaji wa kitaifa, la saba mtihani wa kumaliza. Mwaka 2024 ukaingia mtaala ulioboreshwa, tukaanza kujipanga upya. Sisemi haya ni mabaya. Mtoto wa Ileje ana haki ya kujua kusoma sawasawa na mtoto wa Dar es Salaam, na pasipo kipimo kimoja cha taifa, nani angejua kwamba ameachwa nyuma?

Ninachokikataa ni kauli ya ofisini kwetu: "Mimi nafundisha kilichoandikwa, basi." Usomeni muhtasari taratibu. Unakutajia umahiri ambao mtoto aujenge. Mfano wa kumfikisha huko unautafuta mwenyewe, na mimi ari yangu yote naipata kwenye kuutafuta.

Chukueni vipimo vya uzani. Kitabu kinaweza kukupa kilo za sukari dukani, sawa. Lakini darasani kwangu, huku Uyole, wengi ni watoto wa wakulima wa viazi, na lumbesa wameiona ikifungwa: gunia limeshajaa, bado linaongezewa kamba juu, viazi vinapangwa kimoja kimoja kwa mkono mpaka linaota kichwa. Sheria inataka gunia lisizidi kilo 100. Nikaandika ubaoni: gunia lina kilo 135, mnunuzi amelilipia kama la kilo 100, shilingi 60,000. Mkulima amepunjwa kiasi gani?

Kijana mmoja wa dawati la nyuma, ambaye kumsikia sauti ni kwa nadra, alikuja ubaoni bila kuitwa. Akagawanya, akapata shilingi 600 kwa kilo. Akazidisha kwa 35: 21,000. Akabaki ameshika chaki, kisha akauliza, "Mwalimu, na yakiwa magunia kumi?" Darasa zima likaanza kuandika. Sikuwa nimewapa zoezi hilo.

Na kwenye andalio, umahiri ni uleule uliotakiwa, zana ni gunia, kamba na mizani, tathmini ipo. Hakuna kanuni niliyoivunja.

Mwalimu Nyerere, kwenye waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, alilalamikia shule inayomtenga mtoto na jamii yake. Nyanda hizi za Juu Kusini hatuna udhuru. Wa Mbozi mna kimondo cha chuma cha takriban tani 16. Wa Rungwe mna Daraja la Mungu, lile la mwamba wa asili, na Ziwa Ngosi, na mvua ya kupima kwa chupa ya plastiki iliyokatwa. Wenzetu wa Iringa wana zana za mawe za Isimila, na Kalenga, ambako fuvu la Mkwawa, mtemi wa Wahehe, lilirudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954. Kama safari haiwezekani, mwalikeni mzee wa kijiji aje asimulie. Nauli yake ni ndogo kuliko ya darasa.

Wenye watoto tisini chumba kimoja, nawaona mnavyoniangalia. Tangu michango ya lazima ifutwe mwaka 2016 madarasa yamefurika, na hilo haliondolewi na mfano mzuri. Linataka vyumba na walimu, na tuendelee kulisema kila kikao. Ndiyo maana siwaombi kila kipindi kiwe hivi. Naomba kimoja kwa wiki, kile unachojua watoto wanasinzia.

Tukitoka chai, kila kata ikae na azimio lake la muhula huu. Chagueni mada moja mliyoichoka, muandike mfano wa kijijini kwenu. Kata za Rungwe, nyie nataka hesabu ya majani mabichi ya chai, kwa bei anayolipwa mkulima.